Mabaki ni ya Watoto

Nilitoka Kongolo nikiwa na diploma ya sekondari, viatu vya kaka yangu na hamu ya kwenda popote. Treni ilitufikisha Kabalo, ikalala hapo kama mgonjwa. Tuliisubiri mpaka wachuuzi wa stesheni wakatujua kwa majina. Ilipokubali kwenda Kalemie, nikaanza kusubiri boti pamoja na magunia ya mahindi, na nadhani mahindi yaliheshimiwa zaidi. Boti nayo haikuwa na haraka. Ilisimama kila kijiji cha ziwa, hapa kushusha sabuni, pale kupakia mbuzi, na katika mji wa Baraka ilisimama ili askari waikague mizigo yetu na kuipunguza uzito. Nilipokanyaga Kalundu, bandari ya Uvira, kiatu kilikuwa kimebaki kimoja, na nilikuwa nimesafiri kiasi cha kumtosha mtu yeyote mwenye akili.

Padri mmoja wa kwetu alikuwa ameniambia kwamba Uvira, juu ya mto Mulongwe, kuna monasteri ambako watu wanakula mara tatu kwa siku na kusoma vitabu. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Alilolisahau ni kwamba watawa wa aina ile wana nadhiri ambayo mapadri wa parokia hawana: kukaa mahali pamoja, kwanza kwa muda, halafu mpaka kaburini. Basi mimi, niliyekuwa siwezi kumaliza misa bila kutoka nje kuangalia hali ya hewa, nikapiga magoti na kuahidi kukaa. Nilipomaliza tu kuahidi, vita vya pili vya Kongo vikaanza, na nchi nzima ikaanza kutembea. Waliokuwa milimani walishuka, waliokuwa bondeni walipanda, wa ziwani walivuka kwenda Tanzania, na askari walifika kutoka pande ambazo hata ramani ya shule haikuwa nazo. Mtu pekee aliyeketi kitako katika Kivu nzima nilikuwa mimi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za utawa kila mnapokosa kazi nyingine. Mnadhani ni kuvaa kanzu nyeupe na kutazama ziwa. Ziwa tulilitazama, ni kweli, hasa wakati wa kumwaga maji machafu. Kengele ilitutoa kitandani kukiwa bado giza, tukaenda kuimba zaburi kwa sauti ya watu waliofufuliwa bila kuulizwa. Halafu kazi, halafu zaburi, halafu kazi. Mezani hatukuongea. Mmoja wetu alisimama akatusomea kitabu wakati sisi tunakula, na kwa bahati ambayo sijawahi kuielewa, kila tulipopata samaki, kitabu kilikuwa kimefika kwenye sura ya mtakatifu aliyeishi kwa mizizi na maji.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza hostia, ile mikate myembamba ya misa. Parokia zote za ufuko ule, kutoka bonde la Ruzizi mpaka Baraka, zilikula hostia zetu. Mwalimu wangu alikuwa Furere Leonsi. Furere ndivyo watu wa kule walivyowaita watawa wasio mapadri. Alikuwa Mfuliiru kutoka milima ya Lemera, mfupi, mwenye vidole visivyosikia tena moto. Siku ya kwanza alinitazama nikikoroga unga, akauliza, "Weye unapika mandazi ao hostia?"

"Hostia, mzee."

"Basi acha kutafuta mafuta na macho. Ni ngano na maji. Chumvi hapana, sukari hapana, chachu hapana. Na muhogo usitaje hata jina yake humu ndani. Ukitia muhogo, padri atasema misa muzima na Yezu hatakuja."

Ndiyo sheria ya Kanisa: ngano na maji tu. Mungu aliyeumba muhogo, mahindi na mtama alichagua ngano, nafaka ambayo Uvira haikuota hata kwa bahati mbaya. Unga wetu ulitoka Bujumbura au ulishuka na lori kutoka Bukavu.

Sikilizeni jinsi inavyofanywa, maana sitawaachia urithi mwingine. Unga unachekechwa mara mbili, unakorogwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Kuna chuma chenye mikono mirefu na mabamba mawili yaliyochorwa msalaba. Unakiweka juu ya makaa, unadondosha tone la maji: likikimbia huku na huku, chuma kiko tayari, likikaa kitako, ngoja. Unapaka nta ya nyuki kidogo, unaifuta kana kwamba umejuta kuipaka. Unamimina, unabana, unasema Salamu Maria moja. "Moja," Leonsi alisema. "Mbili inaunguza. Na kama iko na dhambi mingi kwa roho, sema haraka haraka." Bamba la mkate linatoka jeupe, kavu, jepesi kama ganda la kitunguu. Usilikate siku hiyo. Unalilaza chini ya kitambaa chenye unyevu mpaka kesho, lilegee kidogo, ndipo unachukua kikatio, bomba la chuma lenye makali, na kukata miduara.

Mimi, mtu wa haraka, siku moja nilikata mabamba makavu. Yalipasuka yote. Nikafunga kilichopatikana nikakituma Baraka. Padri wa kule akarudisha ujumbe kwamba anashukuru sana kwa chenga, lakini yeye anafuga waumini, hafugi kuku.

Ukishakata miduara, kwenye bamba kunabaki wavu wa vipande. Hakuna aliyevibariki, ni ngano na maji. Desturi ya nyumba, tangu wazungu walioijenga, ilikuwa kwamba mabaki ni ya watoto. Wale wa Mulongwe waliyasubiri mlangoni, wakala kwa kelele, wakacheza misa.

Halafu barabara ya Bukavu ikafungwa. Mpaka wa Burundi ukafungwa. Kuvua nako kukakatazwa, kwa ajili ya usalama wetu, walisema. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliogelea mbele yetu kwa amani ambayo sisi hatukuwa nayo. Na wakulima wa bondeni, wasemao Kirundi, wakaja juu na magodoro vichwani.

Aliyewatangulia alikuwa Mama Spesioza, mjane mwenye wajukuu watatu na sauti ya mtu aliyezoea kufukuza ndege shambani. Priori wetu, Padri Gaspari, mkubwa wa nyumba, alikuwa mtu mwema aliyesoma sana. Alimpokea kwenye mlango wa ndani akiwa amenyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe.

"Mama, pole sana. Uwanjani mnakaribishwa. Lakini humu ndani wanawake hawaingii. Ni sheria."

"Na risasi, Padri? Inaingia?"

"Hapana, kuta ni nene."

"Basi ni humu tunatafuta," akasema, akapita chini ya mkono wake.

Tulikuwa na kibao cha kulinda sehemu ya watawa peke yao: KLOZURE, WANAWAKE MARUFUKU. Juma lile Priori alikihamisha kutoka mlango mkubwa hadi ukumbini. Baadaye kikahamia maktaba. Mvua kubwa zilipoanza, kilikuwa kimetundikwa kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, na hata hapo nilisikia vitoto viwili vikipiga chafya ndani.

Tulikula bustani. Tulikula mbuzi. Furere Sipriani, mpishi wetu, alianza kupika vitu bila kuvitaja, nasi kwa nadhiri ya kimya hatukuuliza. Kisha miguu ya watoto ikaanza kuvimba na nywele zao zikawa za rangi ya kutu. Katika nyumba nzima unga uliobaki ulikuwa gunia moja la ngano, kwenye chumba chetu cha hostia.

Mama Spesioza aliliona siku alipokuja kuomba makaa.

"Furere, ile gunia ni ya nani?"

"Ni ya hostia, Mama."

"Ya Yezu?"

"Ndiyo."

"Na Yezu, iko na njaa?"

Nina diploma ya sekondari. Nilichoweza ni kumjazia makaa.

Siku hizohizo akaja katekista kutoka Luvungi, kule bondeni alikotoka Mama Spesioza, kwa miguu, kwa njia za vichakani, na mkebe mtupu wa maziwa ya unga chini ya shati. Alitaka hostia. Sipriani, ambaye njaa ilikuwa imempunguzia adabu, alimwambia, "Ndugu, watu yako wanahitaji uji, si hostia."

"Ninajua," katekista akasema. "Na wao wanajua. Uji hawaombi, juu wanajua haiko. Muntu anakufa anaomba Ekaristi, juu anafikiri hiyo inaweza kupatikana."

Kwa hiyo msidhani kwamba nawasimulia habari za wabaya na wazuri. Ingekuwa rahisi, nami ningekwenda kulala.

Priori aliita kapitula, kikao cha nyumba nzima. Kanuni yetu inataka wote wasikilizwe, hata mdogo, maana Mungu anaweza kumfunulia mdogo. Baada ya kufunuliwa, mdogo anakaa na wakubwa wanapiga kura. Nilisema gunia lipikwe lote uji. Nilishukuriwa.

Kura zetu zilikuwa za siri. Kila mwenye kura alikuwa akipewa haragwe jeupe na haragwe jeusi, akitumbukiza moja kwenye sanduku la mti bila mwenzake kuona. Priori akamwambia Sipriani alete maharage.

Sipriani akasimama. Akatazama sakafu. "Padri Priori… ile maharage…"

"Yako wapi?"

"Jana ulisema supu ilikuwa nzuri."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunajaribu kukumbuka ladha yake.

Hivyo ikabidi kila mkubwa aseme kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, kama anawapa watoto ngano au anawapa wanaokufa. Nimeona watu wakikabiliwa na bunduki wakiwa na nyuso tulivu kuliko zile. Sipriani alisema uji. Wawili wakasema uji. Watatu wakasema hostia. Ikabaki kwa Furere Leonsi, na mimi nikapumua, maana huyu ndiye aliyewajua watoto wa Mulongwe kwa majina.

"Hostia," akasema Leonsi.

Priori akafunga macho. Sidhani alifurahi. "Basi gunia lote litengenezwe hostia, zigawiwe parokia zote, na katekista apewe za kwanza."

"Gunia muzima, Padri?" Leonsi akauliza. "Na desturi ya kazi tuifuate kama kawaida?"

"Kama kawaida, mzee."

Nilitembea nyuma yake mpaka chumba cha hostia nikiwa nimevunja kimya ndani ya kichwa changu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye aliwasha makaa. "Koroga," akasema. "Leo fanya nzito kidogo."

"Nzito kiasi gani?"

"Nzito. Unakasirika, kasirika, lakini mikono iko kazini."

Tukatengeneza mabamba manene kama kadibodi, tukayalaza chini ya kitambaa. Kesho yake nikashika kikatio changu. Leonsi akaninyang'anya. Akachukua kile kidogo kuliko vyote, ambacho hatukukitumia kwa sababu hostia zake zilipeperuka mtu akikohoa. Akakiweka katikati ya bamba la kwanza. Akakata duara moja. Akaliweka bamba pembeni, akavuta la pili.

"Mzee, na hii iliyobaki yote?"

"Hii?" Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hii ni mabaki. Mabaki ni ya nani?"

"Ya watoto."

"Priori alisema tufuate desturi. Weye haukusikia?"

Mama Spesioza aliyachemsha yale mabaki kwa maji na majani ya maboga. Hakuuliza chochote, na hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko miujiza yote niliyosomewa mezani. Miguu ya watoto wengi ikaanza kupungua. Mjukuu wake mdogo, Evarista, hakungoja. Alizikwa nyuma ya bustani, na kaka zake wawili wakaendelea kula.

Katekista alipewa kifurushi chake. Alikifungua, akaona kilichomo, akatazama uwanjani ambako watoto walikuwa wakitafuna. Hostia zile hazikufunika hata kitako cha mkebe wake. "Nitazivunja vidogo vidogo," akasema, akarudi kwa njia ileile ya vichakani. Mgongo wake ninaukumbuka kuliko nyuso nyingi.

Priori alijua gunia lilipokwisha. Hakuhitaji hesabu za chuo kikuu: gunia zima la ngano lilikuwa limezaa hostia za kujaza bakuli moja.

Katika monasteri kuna siku ambapo unapiga magoti katikati ya wenzako na kutaja kosa lako, si dhambi za moyoni, bali makosa yanayoonekana: nilivunja sahani, nilichelewa zaburi. Leonsi alipiga magoti. "Nilitumia kikatio kidogo kuliko kinachotakiwa. Nilidanganya ndugu. Ninajuta, naomba musamaha." Akapewa adhabu ya kula akiwa amepiga magoti, adhabu nyepesi, kwa kuwa chakula chenyewe hakikuwepo. Akainuka, akapangusa kanzu.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga magoti. Nikasema, "Nilimsaidia Furere Leonsi."

"Na unajuta," Priori akanisaidia.

Nikarudia kwamba nilimsaidia.

"Furere, sikuulizi kama watoto walistahili kula. Walistahili. Na wale wa Luvungi walistahili pia. Nyumba iliamua, nanyi mkaigeuza nyumba kuwa mchezo. Uliwadanganya ndugu zako, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo, Padri."

"Basi unajuta?"

"Hapana, Padri."

Ninataka mnielewe hapa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nataka kubaki mahali. Sijui lilinipata lini. Labda ni harufu ya nta kwenye chuma cha moto, labda zile zaburi za walioamshwa bila kuulizwa. Mimi wa treni na boti nilikuwa nimechagua hata pembe ya makaburi ambako ningelala, upande unaoona ziwa. Na nadhiri zangu za muda zilikuwa zinakwisha. Priori alinipa mpaka siku hiyo: nijute, au nisiape tena.

Leonsi alinifuata bustanini. "Weye iko na kichwa kama jiwe ya mutoni. Sema tu neno."

"Wewe ulisema kweli, mzee? Unajuta?"

"Ninajuta sana."

"Na ukirudishiwa gunia lile?"

"Nitachukua kile kikatio kidogo. Halafu nitajuta tena." Akang'oa jani la mchicha, akaliangalia kama lina ugonjwa. "Kujuta ni kazi, kama kazi ingine. Weye unataka roho yako iseme kwanza. Roho itasema nyuma, miye ninangoja yangu tangu nilikuwa kijana."

Nilijaribu. Nawaapia. Nilisimama mbele ya ukuta nikafanya mazoezi kama mtoto wa shule anayejifunza Kifaransa. Lakini kila nilipofika kwenye neno lile niliona miguu iliyopungua uvimbe, na midomo ikakataa. Wengi wenu mtaniita shujaa mkisoma hapa. Shujaa gani? Leonsi, aliyefanya yote, alibaki nyumbani kwake. Mimi, niliyekoroga tu, nilipoteza yangu kwa sababu nilitaka maneno yangu yawe safi kuliko mikono.

Siku ya kuisha kwa nadhiri ilikutana na siku ambayo wakulima walikuwa wanarudi bondeni. Risasi zilikuwa zimehamia kwa watu wengine. Nilivua kanzu, nikapewa suruali ya furere mmoja aliyekufa, ambaye inaonekana alikuwa mfupi. Priori alinisindikiza mpaka lango la nje, kama Kanuni inavyotaka kwa mgeni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha kuwa mgeni.

"Ungesema neno moja tu," akasema.

"Najua, Padri."

Akanibariki. Leonsi alinishika mkono kwa vidole vyake visivyosikia moto, akaushika muda mrefu, akaniambia niangalie suruali isipasuke.

Barabarani Mama Spesioza alikuwa anapanga mizigo na kugombeza wajukuu wake wawili, waliokuwa wakikimbizana hadi vumbi likapanda. Aliniona, akatazama vifundo vyangu vya miguu, akatazama tena.

"Eh! Furere! Iko wapi kanzu?"

"Nimeiacha, Mama."

"Walikufukuza?"

"Si kufukuza. Nilitakiwa kujutia ile hostia mliyokula."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe! Mimi ndiyo ningejuta! Kitu kibaya vile! Chumvi hapana, sukari hapana, kama kukula karatasi ya shule. Watoto walikula juu ya njaa tu, usifikiri ulipika vizuri." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akageuka kutazama juu, upande wa bustani. "Basi hauko furere tena?"

"Hapana, Mama."

"Uko muntu tu, kama sisi?"

"Kama nyinyi."

"Unaenda wapi?"

Nilifungua mdomo niseme popote, nikaona neno hilo halisemeki tena.

"Luvungi ni mbali, na mugongo wangu umekufa," akasema. Akainua sufuria kubwa nyeusi yenye godoro lililoviringishwa ndani yake, akanitwika kichwani kabla sijajibu. "Beba. Na tembea mbele, nikuone."